Saa Nne kwa Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wangu wa Kasulu hakuwa na kijiko cha mtoto. Alikuwa na mwiko, upawa, kisu kilichonolewa miaka mingi hadi kikawa chembamba kama jani la mchaichai, na viganja vyake viwili. Ilipofika saa nne asubuhi, ukungu ukiinuka kutoka bondeni na ua mzima ukinuka moshi wa mkaratusi, alitoka jikoni na sinia la bati, akaliweka juu ya mkeka. Watoto wadogo wa nyumba ile wakatokea milangoni mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotembea usingizini. Hakuwaita. Harufu ndiyo iliyowaita: ndizi mbivu iliyoungua kidogo pembeni, au kiazi kitamu kilichotoka kwenye majivu.

Sijui alizaliwa wapi, wala mumewe alikuwa nani. Niliishi kwake miaka kadhaa na sikuuliza, kwa sababu mimi nikifikiria swali, hufikiria pia majibu yake yote mabaya, na mwisho naona afadhali ninyamaze. Ninachojua ni alichopika na alivyokipika.

Nilihamia kwake na binti yangu Devota, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada yangu, nikifundisha tuisheni mchana. Baba wa mtoto alikuwa Mwanza akitafuta maisha. Devota alikuwa ametoka kuugua. Homa iliondoka na hamu ya kula ikaondoka nayo. Kliniki walisema hana ugonjwa tena, apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi. Lakini kidogo kidogo ile ndiyo aliyoikataa. Akiona kijiko anafunga mdomo, anageuza uso ukutani.

Mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Kibondo. "Mahindi yakikauka nakuja," alisema. "Nikimkuta hivyo hivyo, namchukua."

Kwetu bibi kumchukua mjukuu si ugomvi, ni msaada. Mtoto akiachishwa ziwa au akidhoofu, hupelekwa kwa bibi anenepe, na hakuna anayeona ubaya. Ila kaka yangu mkubwa alichukuliwa hivyo, akiwa mdogo kama Devota, eti kwa muda mfupi tu. Alikaa. Mpaka leo, mtu mzima mwenye ndevu, anamwita mama yetu "dada", na mama anaitika. Nimeshawahi kumtazama mama anavyoitika. Kwa hiyo aliposema namchukua, nilisikia pale pale binti yangu akiniita dada, kwa sauti ya mtu mzima ambayo bado hajawa nayo.

Nilianza kutazama video kwenye simu. Vitafunwa rahisi vya watoto, vyenye afya, vya kuandaa nyumbani. Vilikuwa rahisi kweli kwa mtu mwenye oveni, blenda, na matunda ya buluu ambayo sijawahi kuyaona soko la Kasulu. Asubuhi moja nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba nimezunguka maduka yote natafuta shayiri ya kopo.

"Ya nini?"

"Ya kumtengenezea Devota biskuti."

"Mama Devota, hapo mlangoni kwako kuna boga. Umeliruka ulipotoka."

Kweli lilikuwepo. Alikuwa ameliweka yeye jana yake, na mimi nimeliruka mara zote nikiwaza shayiri.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto asipikiwe chake peke yake. "Ukimpikia chake, anajua ni dawa," alisema. Alichokula Devota ndicho tulichokula sote: wapangaji, mafundi waliokuja kuziba bati, hata mgeni aliyekuja kuulizia chumba. Chapati zake ndogo za ndizi zilikuwa za ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi, akaziponda kwa mkono, akatia unga wa ulezi na yai likipatikana, akazichoma kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kwa kitambaa tu. Sukari hakutia. Viazi vitamu vya njano alivifukia kwenye majivu ya moto tangu alfajiri, akavimenya, akavichanganya na karanga. Maharage yaliyolala aliyaponda na karoti iliyokwaruzwa na kitunguu, akafinyanga vidonge bapa, akavikaanga kwa mawese kidogo. Dagaa aliwakaanga wakavu, akawasaga, akanyunyiza unga wao juu ya parachichi kama mtu anayenyunyiza maji ya baraka. Chumvi na pilipili vilikuwa pembeni kwenye kibakuli, kwa wakubwa.

Karanga zilituletea mabishano. Mwanzoni alizitia nzima. Nilimwambia mtoto mdogo anaweza kupaliwa nazo, zikamkaa kooni. Alicheka sana.

"Nimelea watoto wa nyumba hii wote, hakuna aliyepaliwa."

"Wa kwanza ndiye atakayetutoa machozi, mama."

"We msomi, unaweza kuogopa hata maji."

Kesho yake asubuhi niliamshwa na kinu. Alikuwa akitwanga karanga, anatwanga na kutwanga, mpaka zikawa laini kama uji mzito. Tangu siku ile hakutia karanga nzima tena, ila kila alipotwanga aliniangalia kwa jicho la pembeni kana kwamba mimi ndiye niliyempa kazi ile ngumu.

Si kila alichobuni kilifaa. Kuna wakati alipata soya, akaamua kutengeneza biskuti kwa ajili ya ua wote. Zilitoka ngumu kiasi kwamba jirani yangu wa chumba cha pili alizuia mlango kwa moja. Jirani huyu alikuwa Mkongo aliyefanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Gari la kazi lilimchukua asubuhi na kumrudisha jioni, ila siku zake za mapumziko alishinda uani nasi.

"Mama, hii biskuti iko muzuri," alimwambia mama mwenye nyumba kwa heshima kubwa. "Upepo hauwezi tena kufunga mulango yangu."

"Chukua ya pili, uzuilie na dirisha."

Walikuwa wakitaniana hivyo kutwa. Mkongo huyo ndiye aliyeniambia kwanza jambo ambalo wote walikuwa wameliona. "Maman Devota, unamuangaliaka mutoto sana. Hata miye ukiniangalia vile, sitakula, kweli."

Nilimwangalia. Aliacha kutafuna, akaonyesha sahani yake. "Unaona?"

Mama mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuwapa watoto mgongo wanapokula. Akishaweka sinia, aligeuka akachambua maharage au akafuma mkeka, akizungumza na kuku. Alikuwa akisema mtoto ni kama mbegu, ukimfukua kila saa kutazama kama ameota, haoti. Lakini wakubwa aliwatazama bila huruma. Fundi akiacha kipande sahanini aliulizwa kwa nini. Kuhusu sukari alikuwa mkali kama kiongozi wa dini, na wakati huo huo chai yake mwenyewe aliitia vijiko mpaka kijiko kikasita. Parachichi, alilolisifia kwa kila mama aliyepita na mtoto mgongoni, yeye hakulila. "Linateleza kama uongo," alisema, akaendelea kuwapakulia wengine.

Na alikuwa mtu wa salamu. Kwake hakuna aliyekula kabla ya kusalimia, hata awe ameanza kutembea jana. Ninyi mnaojua Uha mnajua salamu zetu za wazee zilivyo ndefu, na makofi yake: unainama kidogo, unakunja viganja kama unataka kuteka maji, unapiga taratibu, unauliza habari za usiku, za mji, za ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe. Vijana wengi tumeziacha. Yeye aliwafundisha watoto wale kabla hawajajua kusema maji.

"Mwakeye," aliwaamkia kwa Kiha akichuchumaa mbele yao, akipiga makofi yale ya polepole.

Nao wakapiga, vijiganja vidogo visivyokutana sawasawa, kof, kof, kof. Ua mzima ulikuwa ukisikika kama mvua inayoanza.

Devota hakupiga. Asubuhi nyingi alisimama nyuma ya gauni langu akitazama. Kisha asubuhi moja yenye ukungu mzito, ambayo hata jiko hatukuliona kutoka mlangoni, alijitokeza, akainama kama alivyoona wenzake wakiinama, akapiga. Mikono ilipofunguka kati ya kofi na kofi, mama mwenye nyumba alitia kidonge cha kiazi na karanga kwenye kiganja chake, haraka, bila kukatisha salamu. Devota akapiga tena. Kiazi kikasambaa mikono yote miwili. Alitazama vidole vyake kwa mshangao, kana kwamba kimetoka ndani ya mikono yake mwenyewe. Akavilamba.

Nilikuwa tayari nimeshika kitambaa chenye maji.

"Mama Devota," alisema mama mwenye nyumba bila kugeuka, "ukimfuta, nitakufuta wewe."

Devota alilamba kidole kimoja kimoja, kisha akasalimia upya, ili apewe tena. Asubuhi ile alimsalimia mama mwenye nyumba hadi habari zikaisha.

Ningependa kusema kwamba tangu pale niliacha wasiwasi. Hapana. Mtoto alianza kula na mimi nikaanza kuogopa kwamba ataacha. Nilimpeleka kupimwa uzito hata siku isiyo ya kliniki. Nilisimama nyuma ya mlango nikichungulia. Sahani yangu mwenyewe niliishika nikiwa wima, nikaiweka, nikaisahau, kuku wakajua utaratibu wangu. Mahindi yalikuwa yameanza kubadilika rangi mashambani na kila nilipopita njia ya Rungwe Mpya niliyatazama majani yale yanavyokauka, nikiona kama kalenda inayochanwa na upepo.

Mama alifika na dumu la asali ya Kibondo na kuku wawili wakiwa hai. Walisalimiana na mama mwenye nyumba kwa makofi marefu, mpaka nikahisi miguu inakufa ganzi. Kisha mama akaketi kwenye kigoda karibu kabisa na Devota, akamtazama.

"Kula, mwana wanje. Kula nione."

Devota alifunga mdomo.

"Kula, bibi akuone!"

Akageuza uso ukutani. Nikasema jana amekula viazi, juzi amekula maharage, nikamwita jirani Mkongo awe shahidi, nikaleta chapati, nikaleta parachichi, nikapiga magoti na kusimama na kupiga magoti.

"Mimi naona macho tu," alisema mama kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. "Mashavu sijayaona. Nitamchukua, mwanangu. Upate nawe kupumua."

Hapo mama mwenye nyumba, aliyekuwa ametupa mgongo muda wote akichambua maharage, aliongea.

"Mchukue."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwanamke yule, ambaye mtoto wangu alikula mikononi mwake!

"Lakini si huyo mdogo," aliendelea, akipuliza maganda kwenye ungo. "Mchukue huyu mkubwa. Tangu aje hapa sijamwona amekaa chini akala. Mpeleke, umlishe, alale, umrudishe. Mdogo niachie mimi. Yeye hana shida."

Jirani Mkongo aliangua kicheko, kisha akaona nyuso zetu akajikohoza. Mama alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu ashuke kwenye gari. Alikuwa amekuja na macho ya mjukuu tu. Alinyoosha mkono akanishika mfupa wa bega kama anayepima kuku sokoni.

"Ego," alisema. Ndiyo. Basi.

Nilikataa. Nilitaja tuisheni, nilitaja homa, nilitaja mvua ambazo msimu wake ulikuwa bado. Mama mwenye nyumba aliniacha niseme mpaka maneno yakapungua, akasema, "Mahali pa kumwacha unapo. Ni wewe huna mahali pa kujiacha."

Asubuhi yake nilipanda gari kwenda Kibondo pamoja na mama, bila mtoto. Sijui nilivyofika. Nakumbuka miti ikirudi nyuma dirishani na mgongo wangu mtupu, mwepesi kupita kiasi, nikiugusa kila mara kama mtu aliyesahau mzigo. Kwa mama nililala. Nililala mchana, nikaamshwa nile viazi vya kuchemsha vyenye asali, nikalala tena. Niliota ua wa Kasulu ukiwa chini ya maji meupe, na makofi madogo yakisikika kutoka chini. Jirani Mkongo alinitumia ujumbe wa sauti kila jioni: "Mutoto iko nakula. Iko nacheka. Haiko nakuuliza, samahani." Ile samahani niliisikiliza tena na tena.

Niliporudi, nilikimbia kutoka barabarani. Devota alikuwa mkekani na wenzake, mashavu yamejaa, mdomo una unga wa ulezi. Aliniona. Alisimama, akainama, akanipigia makofi kama anavyompigia mgeni yeyote.

"Umeona adabu hiyo?" alisema mama mwenye nyumba kwa fahari.

Niliitikia salamu ya binti yangu. Nilipiga makofi nami, nikajibu habari za Kibondo, za bibi, za safari, huku machozi yakishuka. Usiku alilala kifuani kwangu kama kawaida, na kesho yake aliniita mama bila kukosea. Lakini mimi si mtu wa kusahau jambo kwa sababu tu limepita. Nilijua sasa kwamba mtoto anaweza kunona bila mimi, na kwamba hilo ni jema, na kwamba linauma. Mama yangu naye hakusema tena kumchukua. Mtoto alibaki. Swali la ni wa nani ndilo lililobaki nami, likizungukazunguka.

Halikupungua nilipopata kazi ya mkataba Kibondo. Tulihamia kule, karibu na mama. Devota alilia njia nzima akimtaka mama mwenye nyumba, si mimi niliyempakata. Na Kibondo nikawa natoka asubuhi na kurudi jioni, na mchana kutwa alikuwa kwa bibi yake, akila jikoni mwa bibi yake. Wauza nyanya walimwita mjukuu wa bibi fulani. Niliwaza: sikumtoa, ila nimempeleka mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mara ya mwisho niliyomwona mama mwenye nyumba ilikuwa sokoni Kibondo, nilikokwenda na mama na Devota, Devota akiwa ameshaanza chekechea. Mama mwenye nyumba alikuwa amekuja kumtembelea ndugu yake. Nilimtambua kwa kisogo, ameketi kwenye benchi la mama ntilie mmoja, amepungua, kitenge kimemzidi. Macho yalikuwa yameingia ukungu kama ule wa bondeni kwake. Mbele yake alikuwa na andazi kubwa linalong'aa mafuta na sukari, ambalo kwa watoto wetu angelitupia kuku.

Nilimsalimia kwa makofi. Aliitikia yote, habari zote, bila kuonyesha kwamba ananijua. Nilitaka kusema mimi ni Mama Devota, nikafikiri labda nitamwaibisha, nikafikiri labda ananijua na amekasirika kwamba sikurudi kumwona, nikasimama pale na maneno yamejaa kinywani. Devota hakuwa na matatizo hayo. Hakumkumbuka hata kidogo. Alipanda benchi akakaa kando yake, akalitazama andazi.

Mama mwenye nyumba alikata nusu akampa. Kisha, kwa mazoea, akageuza uso upande wa pili, akawatazama wapita njia.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza huku akiutazama umati.

Ni swali ambalo kila mtu mzima humuuliza kila mtoto, na lenye majibu mengi. Nyuma yangu, kwenye mafungu ya nyanya, bibi yake alikuwa anapatana bei kwa sauti ambayo soko zima lilikuwa likiisikia. Mbele yangu alikuwa mwanamke aliyemfungua mdomo.

Devota alikuwa anatafuna. Alimeza kwanza. Hakunyanyua hata macho, alinyoosha tu kidole chenye mafuta, akakibandika kwenye sketi yangu ya kazini, kikaacha doa.

"Wa huyu," alisema, akaendelea kula.